Kiharusi: Historia ya Ugonjwa Ulioitwa Pigo

Leo tunazungumza juu ya kiharusi, ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita stroki. Badala ya kuanza na dawa, nitakusimulia historia yake, na nina sababu. Ninapowatembelea wagonjwa nyumbani kwao, swali la kwanza la jamaa mara nyingi si "dawa yake ni ipi?" Swali ni "nani amemfanyia hivi?"

Swali hilo si la kipumbavu. Mtu amekula chakula cha jioni, amecheka na wajukuu, akaenda kulala. Asubuhi mkono na mguu wa upande mmoja haviinuki, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Hakuanguka, hakuwa na homa, hana hata mchubuko. Usipojua kilichotokea ndani ya kichwa chake utasema nini, ila kwamba amerogwa au amekumbwa na pepo? Basi siku tatu zinapita kwa mganga. Siku hizo tatu ndizo zinazonifanya nikuandalie kipindi hiki.

Wala si Waafrika peke yao waliofikiri hivyo. Wagiriki wa kale, miaka 2,400 hivi iliyopita, waliuita ugonjwa huu apopleksia, maana yake kuangushwa kwa kipigo. Jina la Kiingereza ambalo sisi tumeligeuza kuwa stroki nalo maana yake ni pigo, na zamani Waingereza walisema ni pigo la mkono wa Mungu. Tabibu mashuhuri wa Ugiriki, Hippocrates, na wanafunzi wake waliujua vizuri kwa macho. Waliona kwamba ukija kwa nguvu mgonjwa haponi, na ukija kwa wepesi bado kupona si rahisi. Lakini sababu hawakuijua. Walidhani ni majimaji ya mwili yaliyochafuka na kujaa kichwani, na dhana hiyo ikafundishwa kwa karne nyingi, kwa sababu ni wachache waliothubutu kufungua kichwa cha maiti kuona.

Aliyefungua ni daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, katika mji wa Schaffhausen. Mwaka wa 1658 alichapisha kitabu kuhusu watu waliokufa kwa apopleksia ambao yeye mwenyewe alikuwa amewapasua. Ndani ya ubongo wao alikuta damu iliyomwagika kutoka kwenye mishipa na kuganda. Hakukuta pepo wala kamasi. Akaongeza wazo jingine la busara: kama damu ikimwagika ubongo unakufa, basi hata mshipa ukizibwa damu isifike, ubongo utakufa vilevile.

Hapo, mama, ndipo aina mbili za kiharusi zilipojulikana, na hadi leo ni hizo hizo mbili. Fikiria mpira wa kumwagilia sukuma wiki. Mboga zinaweza kukauka kwa njia mbili. Ama takataka zimeziba mpira na maji hayafiki, au mpira umepasuka, maji yanamwagika mahali pamoja na kuchimba shimo, na kule mbele hakuna kitu. Kiharusi cha kuziba ndicho kinachotokea zaidi duniani. Kiharusi cha kupasuka ni kichache, lakini huua haraka zaidi, na huku kwetu Afrika kinachukua sehemu kubwa kuliko kule Ulaya. Sababu tutaifikia.

Miaka sita baada ya Wepfer, mwaka wa 1664, Mwingereza Thomas Willis alionyesha kwamba chini ya ubongo mishipa mikubwa imeungana kama pete, hivi kwamba mmoja ukizibwa mwingine unaweza kusaidia kidogo. Ndiyo maana watu wawili waliozibwa mshipa wa namna moja hawapati madhara sawa. (Baadhi ya picha za kitabu hicho zilichorwa na Christopher Wren, yule aliyekuja kujenga kanisa kuu la St Paul's mjini London.) Mwaka wa 1761 Giovanni Battista Morgagni wa Italia, akiwa mzee wa karibu miaka 80, alichapisha kazi ya maisha yake yote. Humo alionyesha kwamba mkono na mguu wa kulia vikipooza, jeraha liko upande wa kushoto wa ubongo. Kwa hiyo mgonjwa wako akisuguliwa mguu mchana kutwa kwa mafuta ya moto, kumbuka kwamba mguu wenyewe haujaumia. Aliyeumia ni fundi wa juu anayeuamuru.

Kisha ikaja zamu ya maneno. Mjini Paris mwaka wa 1861, daktari Paul Broca alimpasua mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa anaweza kutamka silabi moja tu, "tan." Alikuwa anaelewa mengi aliyoambiwa, lakini akijibu, ilitoka "tan, tan." Broca alikuta jeraha sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Nakuomba usiipite habari hii haraka, wewe unayemlea baba mkwe au mama mzazi ambaye hasemi tangu apate kiharusi. Nimeona watu wakizungumza juu ya mgonjwa mbele yake kana kwamba ni kiti. Nimesikia mzee akiitwa mwendawazimu kwa sababu anataka maji na neno linalotoka ni jingine. Huenda anasikia na kuelewa kila kitu. Mzungumzie polepole, sentensi fupi, umuulize maswali ya ndiyo na hapana, na umpe nafasi ajibu hata kwa kichwa au kwa jicho.

Kuhusu lile donge linaloziba, aliyetufumbua macho ni Mjerumani Rudolf Virchow, katika miaka ya 1840 na 1850. Alionyesha kwamba damu inaweza kuganda mahali pamoja, kipande kikakatika, kikasafiri na damu hadi kuziba mshipa mdogo mbali kabisa. Mara nyingi kipande hicho hutoka moyoni. Jambo hili linamhusu mama mwenye watoto wadogo. Mtoto anayeumwa na koo mara kwa mara bila kutibiwa ipasavyo anaweza kupata homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Miaka baadaye, akiwa kijana au mama mjamzito, moyo huo unaopiga ovyo unaweza kurusha donge la damu kwenye ubongo. Kwa hiyo koo la mtoto lionwe na daktari au muuguzi, na dawa aliyopewa aimalize.

Sasa tuje kwenye presha. Kama kuna kitu kimoja katika historia hii ninachotaka ukishike, ni hiki.

Kwamba damu inakwenda kwa nguvu ndani ya mishipa lilijulikana zamani. Mwaka wa 1733 kasisi Mwingereza, Stephen Hales, alieleza jinsi alivyotia mrija katika mshipa wa farasi, na damu ikapanda kwenye mrija wa kioo zaidi ya mita mbili. Bila shaka huwezi kumfanyia mtu hivyo kliniki. Ilibidi kungoja mwaka wa 1896, Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alipobuni ule mpira unaofungwa mkononi na kujazwa upepo. Mwaka wa 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza kusikiliza mshipa kwa kifaa cha masikioni wakati upepo unatolewa. Ndiyo sababu unapewa namba mbili. Ya juu ni nguvu wakati moyo unasukuma, ya chini ni nguvu wakati moyo umepumzika. Zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, tena na tena, hiyo ni presha ya juu. Presha hiyo haiumi. Mwaka baada ya mwaka inafanya mishipa iwe migumu na mafuta yagande ndani yake, na ile myembamba ya ndani ya ubongo inachoka hadi kupasuka. Kwa hiyo inaleta aina zote mbili za kiharusi. Pigo linaonekana la ghafla, lakini huenda maandalizi yake yamechukua miaka 15 au 20.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa rais. Mwezi wa Februari 1945, vita vikuu vikielekea mwisho, viongozi watatu walikutana mjini Yalta: Franklin Roosevelt wa Marekani, Winston Churchill wa Uingereza na Joseph Stalin wa Urusi. Wote watatu kiharusi kiliwapata. Stalin alikufa kwa kiharusi mwezi wa Machi 1953. Churchill kilimpata zaidi ya mara moja, na kile cha mwisho kikamwondoa mwezi wa Januari 1965. Roosevelt hakumaliza hata miezi mitatu baada ya mkutano huo. Presha yake ilipopimwa mwezi wa Machi 1944 ilikuwa 186 kwa 108, huku wananchi wakiambiwa rais wao ni mzima. Tarehe 12 Aprili 1945 alikuwa ameketi akichorwa picha, akalalamika maumivu makali nyuma ya kichwa, akazimia. Daktari alipompima alikuta 300 kwa 190. Saa chache baadaye alikuwa amefariki, mshipa umepasuka kichwani, akiwa na umri wa miaka 63.

Usiseme basi kama rais alishindwa, mimi nitaweza wapi. Wakati ule mashine ya kupima ilikuwapo lakini dawa ya maana haikuwapo. Madaktari wengi hata waliamini kwamba presha kupanda na umri ni jambo la kawaida. Vidonge vya kupunguza presha kwa kutoa maji na chumvi mwilini vilianza kutumika mwaka wa 1958. Mwaka wa 1967 daktari Mmarekani Edward Freis na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa presha kali wakimeza dawa, viharusi na vifo vinapungua sana. Kwa hiyo mama anayepewa leo vidonge vya presha katika kituo cha afya ana kitu ambacho rais wa Marekani hakuwa nacho. Inaniuma ninapokuta vidonge hivyo vimewekwa kabatini kwa sababu "nilijisikia vizuri." Dawa ya presha humezwa wakati unajisikia vizuri, ndivyo ilivyo.

Na je, sisi hapa Kenya? Mwaka wa 1929 daktari aliyeitwa Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, katika eneo la Nyanza, alichapisha vipimo vya Waafrika 1,000 hivi. Alikuta presha yao haipandi na umri kama ya Wazungu. Wazee walikuwa na presha ya chini kuliko vijana. Kutokana na habari kama hizo, wengi walikaa miaka mingi wakiamini kwamba presha si ugonjwa wa Mwafrika. Hata leo utasikia mtu akisema ni ugonjwa wa matajiri.

Jibu lilitoka Nyanza hiyo hiyo na Nairobi. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliohama vijijini na kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Katika miezi ya kwanza tu ya kuishi mjini, presha ya waliohama ilikuwa imeshapanda juu ya ile ya wenzao. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi zaidi, na wanapata kidogo ile madini ya potasiamu inayopatikana katika mboga na matunda. Uzito nao ulipanda. Ni watu wale wale, wa ukoo ule ule. Kilichobadilika ni sufuria na mwendo wa maisha.

Majirani zetu wa Tanzania walikwenda kuhesabu viharusi vyenyewe. Kati ya mwaka wa 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, waligundua wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Katika sehemu ya Dar es Salaam iliyochunguzwa walikuwa 316 hivi. Hesabu hiyo ya mjini ilizidi ile ya nchi nyingi tajiri. Na uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Hapo ndipo penye ile sababu niliyokuahidi. Presha isiyopimwa wala kutibiwa ndiyo hasa inayopasua mishipa, ndiyo maana kile kiharusi kibaya zaidi kinaonekana zaidi kwetu. Kisukari, sigara, pombe nyingi, mafuta mengi na kukaa bila kutembea vinaongeza hatari, lakini presha inaongoza.

Kina mama wengine hudhani kiharusi ni cha wazee tu. La. Mjamzito anaweza kupata presha ghafla, na ikifika 160 kwa 110 ni dharura, kwa sababu mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Akilalamika kichwa kinauma sana, anaona nyota nyota, au uso umevimba, asingoje siku ya kliniki. Hatari hiyo haiishi akijifungua. Katika siku na wiki za kwanza baada ya kuzaa bado anahitaji kupimwa.

Watoto pia. Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao tunao sana upande wa Ziwa na Pwani, anaweza kupata kiharusi hata kabla hajaanza shule, kwa sababu chembe zake za damu zenye umbo la mundu huharibu na kuziba mishipa. Mwaka wa 1998 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba watoto walio hatarini wanaweza kutambuliwa kwa kupimwa kichwa kwa mawimbi ya sauti, na kwamba kuongezewa damu mara kwa mara kunazuia viharusi hivyo kwa zaidi ya asilimia 90. Hapa kwetu kipimo hicho hakipatikani kila mahali, lakini kuna kidonge cha haidroksiyurea kinachosaidia. Kama mtoto wako ana seli mundu, uliza kliniki juu yake. Na akianza kuburuta mguu au kuangusha kijiko, usimgombeze, mpeleke.

Imebaki hadithi ya wakati. Hadi miaka ya 1960, daktari hakuwa na njia nyepesi ya kujua kama mgonjwa aliye hai amezibwa au amepasukiwa. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali moja ya London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine iliyobuniwa na fundi Mwingereza, Godfrey Hounsfield. Ndiyo hii tunayoiita CT skani. Hounsfield alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alianza kuifikiria hesabu yake akifanya kazi Cape Town. Baada ya mashine hiyo, mwaka wa 1995 ikathibitishwa kwamba dawa ya kuyeyusha donge la damu inasaidia, ikiwa mgonjwa atadungwa ndani ya saa tatu. Baadaye muda huo ukaongezwa hadi saa nne na nusu. Dawa hiyo akipewa mtu aliyepasukiwa na mshipa inaweza kumuua, kwa hiyo picha lazima itangulie. Ni hospitali chache nchini zinazotoa matibabu hayo, najua. Lakini hata pale yasipopatikana, mgonjwa aliyefika mapema huangaliwa presha, sukari, kupumua na kumeza, na hayo peke yake huokoa watu. Mshipa mkubwa ukizibwa, kila dakika chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa.

Mwaka wa 1998, huko Newcastle, Uingereza, madaktari na wahudumu wa ambulansi walitunga kipimo ambacho hakihitaji mashine yoyote. Kinafanywa hata jikoni. Mwambie mgonjwa atabasamu: je, uso umelegea upande mmoja? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Aseme sentensi rahisi, jina lake na kijiji chake: je, maneno yanakwama au yanachanganyika? Moja tu likiwapo, twende hospitali. Ongeza kutoona ghafla, kizunguzungu cha ghafla kinachomfanya ayumbe, na maumivu ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata maishani. Dalili zikija na kuondoka baada ya dakika kumi, usishukuru na kukaa. Hicho ni kiharusi cha kupita, na kile kikubwa kinaweza kufuata siku hiyo hiyo au siku chache zijazo.

Mkiwa njiani, mlaze kwa ubavu na mlegezee nguo. Usimpe maji, uji wala chai ya kumpa nguvu, kwa sababu koo likiwa limepooza vitaingia mapafuni. Usimpe aspirini kwa kuwa jirani alisema inayeyusha damu. Hujui kama amezibwa au amepasukiwa. Usimwongezee vidonge vyake vya presha, na asichanjwe wala kutolewa damu. Chagua hospitali yenye CT skani kama mnaweza kuifikia, na mtu mmoja apige simu mbele wakati wengine wanatafuta gari. Beba dawa zake zote na kadi ya kliniki. Na kabla hamjatoka mlangoni, andika kwenye karatasi saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa maana daktari ataiuliza kabla ya mengine. Kama aliamka akiwa tayari amepooza, andika saa aliyokwenda kulala.